Daktari Bado Anakiacha Kiti Kidogo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutibu watoto na kufundisha madaktari, profesa wetu wa magonjwa ya watoto anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote kwenye korido, atakwambia anaitwa Daktari Bado, ila kwanza ataangalia nyuma.

Alianza kama daktari wa zamu katika wodi ya watoto, akaenda masomoni, akarudi kuwa mhadhiri, akapanda hadi uprofesa. Kilichomkera tangu mwanzo ni mitihani. Wanafunzi walikuwa wanameza vitabu, wanavitapika kwenye karatasi, wanafaulu, halafu mtoto wa miaka miwili anawashinda kumpima.

Akaleta mtihani wake: mtoto halisi, mama yake pembeni, na mtahini ameketi kwenye kiti kidogo cha chekechea, ili amtazame mwanafunzi kutoka kimo cha mtoto. Tulicheka, jamani! Mkuu wa idara, pande la mtu, magoti yalimfika masikioni. Lakini tulipokaa tuliona tusiyowahi kuyaona: nyuso zilizonuna, mikono isiyopashwa joto, dokta anayemwinamia mgonjwa kama anayetafuta ufunguo sakafuni. Mwishoni mama aliulizwa kama angemrudisha mwanawe kwa daktari huyo, na jibu lake lilikuwa na alama. Siku hizi vyuo vingine vinakuja kwetu kujifunza mtihani huo.

Neno "kafeli" hakulitaka kabisa. Aliandika "bado", kisha akamwita mwanafunzi na kumweleza ana kwa ana alipoteleza na lini atarudia. Mmoja alipata bado mara tatu, akafungasha virago. Profesa akamfuata hadi kituo cha basi akamrudisha. Huyo ndiye bingwa anayeongoza wodi yetu ya watoto wachanga, na ndiye aliyelia wa kwanza tangazo la kustaafu lilipobandikwa.

Mwaka huu wa mwisho alitugeukia sisi wenzake. Mtihani ujao nitausimamia mimi ninayeandika haya, kwa hiyo alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama nyuma. Mwanafunzi akaanza na koo badala ya kifua. Mtoto akaangua kilio, na kwa kelele zile mapigo ya moyo hayakusikika. Nikakata alama sawasawa, nikamruhusu aende. Profesa naye akanipa matokeo yangu: bado. Nilikuwa nimemwacha mwanafunzi aondoke bila kuambiwa kwamba koo huangaliwa mwisho. Akaahidi kunipima tena, lakini vikao na sherehe za kuagana vimekula muda wote.

Mumewe, fundi cherehani, anasema ametuazima mke vya kutosha, sasa tumrudishe. Ana haki. Wajukuu nao wamekaa mkao wa kula. Ila sisi tumeanza kumkumbuka kabla hata hajaondoka. Jana nilikuwa peke yangu katika chumba cha mitihani, nikajikuta nasubiri hodi yake, maana hubisha hata mlango ukiwa wazi. Sikuisikia, na moyo ukaniuma.

Asante, Mwalimu wetu. Lala mpaka jua likuamshe, wajukuu wakuchoshe vizuri, afya isikupungukie. Lakini mimi bado sijapimwa tena. Kiti kipo palepale. Njoo siku moja, hata kama ni kunipa bado nyingine.