Immakulata Niyonsaba na Homa Iliyorudi

Tarehe 30 Juni 1999, Muuguzi Immakulata Niyonsaba anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, kwanza Kibondo, kisha hapa Kasulu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza kwa miguu, akipeleka chanjo kwenye vijiji ambako gari halikufika.

Tuliosafiri naye tunakumbuka ukaguzi wake. Kila tulipotoka kwenye majani marefu alitusimamisha wote, hata mganga mfawidhi, tukunje suruali atafute kupe nyuma ya magoti. Akimpata, alimng'oa taratibu kwa kibanio. Tulicheka sana. Yeye hakucheka: mwaka 1971 kule Kibondo, mama mmoja aitwaye Hatungimana alifia mikononi mwake kwa homa ya kupe iliyokuja na kuondoka, kila mara ikitibiwa kama malaria.

Agosti 1993 tulitoka Nyakitonto tumechoka, tukalala kwenye sakafu ya udongo ya banda kuukuu. Immakulata alikataa, akatandika turubai nje. Wiki moja baadaye Omary, mtunza chanjo wetu, akashikwa na homa kali. Akanywa klorokwini, homa ikatulia; damu ikapimwa, hakikuonekana kitu. Omary akafunga mzigo, maana Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, Mwanaheri, huko Kibondo.

"Kaka Omary, huendi," Immakulata alimwambia mlangoni. "Lile banda lina papasi, wale kupe wa kwenye nyufa. Homa hii itarudi, na ikirudi nataka damu yako hapo hapo, maana vijidudu vyake huonekana homa ikiwa imepanda."

"Dada, mimi mzima! Nimwambie nini mwanangu?"

"Mwambie ni mimi niliyekuzuia."

Omary akabaki, amenuna. Siku ya saba tangu homa ya kwanza itulie, ikampanda tena hata akashindwa kusimama. Immakulata akamtoboa kidole, akainamia darubini, akaviona vijidudu vilivyojipinda kama springi. Akamwanzishia tetrasaiklini, na kutwa nzima hakuondoka kando ya Omary, aliyetetemeka dawa ilipoanza kuwaua vijidudu hao.

Harusi ilifungwa bila baba. Mwanaheri alipokuja na mumewe kumjulia hali, alimpita mzee wake kitandani, akaenda kwanza kumkumbatia Immakulata. Wote wawili walilia.

Miezi michache baadaye wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi, wapimaji wetu wote walikuwa wameshafundishwa naye kuchukua damu homa ikiwa imepanda.

Dada Immakulata, milima hii ina watu wengi wasiojua kwamba wako hai kwa sababu yako. Kwa niaba yao, asante. Mungu akujalie siku ndefu, afya tele na nyumba isiyokauka wageni.