Mwanga wa Tatu

Ndugu, jamaa na majirani, mzee aliyelala hapa mbele yetu, fundi cherehani mliyemzoea kwa jina la Mbuzi, alizaliwa tarehe 14 Mei 1946, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma kuanzia mwaka 1954 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1961, mwaka uliofuata akajifunza ushonaji kwa mjomba wake, na tangu hapo akakaa kwenye kiti kilekile, mgongo umepinda, mguu kwenye cherehani, miaka thelathini na mitano.

Tarehe 20 Desemba 1969 alifunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Tarehe 3 Februari 1997 alianguka dukani, futi ya kupimia ikiwa shingoni, daktari akampima presha na sukari, akaguna, akamwambia, "Fundi, moyo wako umekaa mno, tafuta mlima upande, taratibu." Jumamosi ya tarehe 8 akajifunga viatu, mkewe akamzuia mlangoni, "Baba watoto, moyo mbovu hivyo unaupeleka majabalini?" naye akajibu, "Mama, naupeleka gereji."

Basi wakapatana kwamba saa nne asubuhi, akifika kileleni, atamulika kwa kipande cha kioo cha dukani, mara tatu, maana yake nimefika mzima, na kila Jumamosi mkewe alisimama uani, nguo mbichi begani, hadi mwanga wa tatu upige ndipo aanze kuanika. Mwaka haukuisha, kitambi kikayeyuka, suruali alizojishonea zikawa zinamvuka, presha ikatulia, usingizi ukawa wa mtoto, majirani kwa kumwona akipanda majabali wakamwita Mbuzi, lakini mkewe hakuuzoea mlima ule hata siku moja.

Tarehe 12 Julai 2008 ukungu ulifunika mlima, saa nne kimya, saa sita kimya, saa nane mzee akatokea anachechemea, goti limechanika, anacheka. Mkewe hakucheka, alivifukia vile viatu kwenye pipa la unga, akasema vimeibiwa, mzee akarudi kitini miezi mitatu, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuvuta kwa kamba, presha ikapanda kulekule. Mkewe alipokiri kwa daktari, aliulizwa, "Bibi, umeficha viatu au umeficha dawa?" Akavikung'uta unga mwenyewe, akavitia kamba mpya, na Jumamosi za hofu zikarudi, miaka kumi na mitano mingine.

Tarehe 26 Februari 2024 alilazwa kwa kichomi, ghorofa ya tatu ya hospitali, na Jumamosi tarehe 9 Machi, saa nne, mkewe akiwa getini na chupa ya chai, aliona mwanga dirishani, wa kwanza, wa pili, akangoja wa tatu, haukuja. Alipanda ngazi zote bila kupumzika, akamkuta ameshaondoka, kile kioo cha dukani kifuani, na daktari akasema mapafu ndiyo yaliyoshindwa, moyo ulikuwa wa mwisho kunyamaza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliomshonea suti hii.

Pumzika, Mbuzi wetu, panda taratibu, mkeo yuko uani, nguo begani, ukifika mmulikie ule wa tatu.