Alwine Seyfarth (1881–1932), Mama Aliyemhamisha Mwanawe

Tunayemsindikiza leo, Alwine Seyfarth, alizaliwa tarehe 9 Machi 1881 kijijini Burkhardtsdorf, kifungua mimba wa mfuma soksi Traugott Uhlig na mkewe Selma. Mdogo wake, Meta, ndiye anayewasomea haya.

Alisoma shule ya kijiji miaka minane, akapata kipaimara Pasaka ya 1895, na wiki iliyofuata akaingia kiwanda cha soksi mjini Chemnitz. Kazi yake ilikuwa kuunga vidole vya soksi, yaani kushona ncha iliyoachwa wazi, na aliijua hasa. Kanisani hakuwa msikilizaji mzuri. Macho yake yalikuwa chini ya viti, akimnong'oneza Meta soksi ipi imetoka kiwanda gani na nani kashonewa ovyo.

Tarehe 12 Mei 1906 alifunga ndoa na Emil Seyfarth, fundi mashine wa kiwanda hicho hicho, mtu wa chama cha siasa cha wafanyakazi tangu ujana. Walijaliwa Liesbeth mwaka 1907 na Kurt mwaka 1910. Emil alirudi mzima kutoka vitani, na kwa miaka kadhaa vyumba vyao viwili havikukosa kicheko.

Februari 1930 kiwanda kilifungwa. Mume na mke walitoka lango moja siku moja, wakaingia kwenye foleni ya kugongewa muhuri kadi za wasio na kazi, pamoja na nusu ya mtaa. Kurt alibaki na kibarua cha siku tatu kwa wiki kwenye ghala la makaa. Ofisi ya msaada ikasema nyumba yenye kijana anayelipwa haistahili msaada kamili, ikampunguzia Emil. Wengi mtaani walikuwa wakiwahamisha watoto wao kwa sababu hiyo. Oktoba 1931 Alwine naye alimfungia Kurt shuka na sufuria, akamwambia, "Nenda ukapange kitanda kwa watu, mwanangu, mpaka hali itengemae." Alidhani ni miezi miwili.

Kabla ya Krismasi kibarua kikaisha. Kurt aliona haya kurudi kula viazi vya wazazi wasio na kitu. Nyuma ya baa moja, mtaa wa pili, wanaume wa mashati ya kahawia, wanamgambo wa chama hasimu wa chama cha Emil, walikuwa na supu ya moto, godoro na buti kwa yeyote atakayevaa shati lao. Akavaa. Hatusemi alilazimishwa, ila njaa ndiyo iliyomfikisha mlangoni. Julai mwaka huu, wakati wa kampeni za uchaguzi, kundi lake lilivamia mkutano wa chama cha Emil, na Emil akavunjwa mkono. Kurt anasema hakumgusa baba yake. Emil alimpiga marufuku nyumbani.

Agosti Alwine alianza kukohoa damu. Daktari aliagiza maziwa na nyama. Aliitikia vizuri, kisha kila alichopewa akampa Liesbeth, aliyekuwa mjamzito, akisema yeye ameshakula. Tulimwamini, na hilo linatuuma. Siku za mwisho hakumlaumu mtu ila nafsi yake.

"Emil, mimi ndiye niliyemtoa," alisema. "Mwache arudi."

"Hukumvalisha lile shati wewe," Emil akajibu, akatoka kwenda kupasua kuni.

Alifariki Jumatatu tarehe 14 Novemba 1932, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Meta. Mwanawe hakuwa amemwona tangu Julai.

Juzi, karatasi hii ilipokuwa ikienda kwa mchapaji, Emil alisema, "Shemeji, jina la yule usiliandike." Meta alimjibu kuwa marehemu aliagiza liandikwe, tena lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Hawajaelewana mpaka sasa. Kurt ametumiwa habari aje bila lile shati, ashike nafasi ya sita kati ya wabeba jeneza. Hajajibu.

Marehemu ameacha mume, Emil. Binti, Liesbeth, na mkwe, Arno. Mdogo wake, Meta. Na mwana, Kurt.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi uliotuacha, amani bado hatunayo.