Goti la Mshambuliaji

"Viongozi wa klabu yetu wamejitafutia balaa kwa usajili huu," fundi umeme alimwambia muuza viatu aliyekaa naye kwenye treni. "Yule mshambuliaji umri umekwenda, na goti limejaa viraka. Atacheza mechi mbili, kisha tumfuate hospitali."

"Mwache, bwana. Akiwa mzima, nani anamkaba?"

Mshambuliaji mwenyewe alikuwa mwisho wa benchi hilohilo, kofia imemfunika uso, akienda peke yake kusaini mkataba. Tangu aumie, hakuna aliyewahi kumsemea hivyo. Alitamani ageuke amshukuru.

Treni ilisimama. "Kaka, kunja mguu tupite," muuza viatu akamwambia bila kumtazama.

Mguu ulikataa kukunjika. Akainuka kwa kushikilia kiti, na wale wawili wakashuka, bado wanabishana.