Kiti Kilichokwenda Stoo

Benchi ni langu, nasema mapema kusiwe na ubishi. Niliziunga mbao mwenyewe mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, mguu mmoja ukatoka mfupi, na tangu siku hiyo kila anayelikalia anajifanya seremala wa kunielekeza. Jumamosi saa nne asubuhi wakaaji wake watatu wanakuwa wameshafika. Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku, alipiga chapa mahakamani miaka ishirini na saba, na sasa amestaafu na sheria zote kichwani. Ramani na Stoo wanatoka ofisi moja ya wapima ardhi: Ramani anachora, Stoo anatunza funguo za stoo, na urafiki wao ni wa tangu hawajaoa. Chupa ya kahawa yangu, vikombe vyangu. Jumamosi hiyo palikuwa na mteja vilevile, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona, kisigino cha kiatu kimemtoka njiani. Nilimpa kipande cha boksi akanyage, akasimama pembeni akisubiri gundi ishike. Nafasi kwenye benchi haikuwepo na hakuna aliyejisogeza, nakiri.

Ramani akatoa bahasha mfukoni mwa shati.

— Barua ya kuacha kazi, akasema. Naipeleka Jumatatu.

— Shemeji anajua? nikamuuliza.

— Hajui.

— Basi hiyo si barua, ni kesi, Jaji akasema.

Habari yenyewe tulikuwa tunaijua juu juu. Bosi wao mpya alikosea kipimo cha kiwanja mbele ya wateja, Ramani akamsahihisha, tena kwa adabu. Jumatatu iliyofuata Ramani kaingia mkutanoni, anakuta watu kumi na wawili pamoja naye, viti kumi na kimoja. Kilichokosekana ni chake.

— Wiki ya sita sasa, Ramani akasema. Nasimama kutoka saa mbili hadi saa nne. Kila Jumatatu ananitazama, anawaambia msanii wetu anapenda kusimama, maono yanamjia akiwa wima. Halafu anainua mchoro wangu juu, anawauliza hiki ni kiwanja au ni tuta la mchicha.

— Wenzako wanasemaje?

— Wanacheka.

— Wote?

— Wote.

Stoo akapuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.

— Twende kwa utaratibu, Jaji akasema. Kwanza, umeandika tarehe?

— Zote sita. Na maneno yake kama yalivyotoka.

— Safi. Pili, mashahidi.

— Ukinitoa mimi na yeye, kumi.

— Watasema?

Ramani akaigeuza bahasha, akaigeuza tena.

— Mimi naona kiti chenyewe kilikuwa na kasoro, Stoo akaingilia.

— Kasoro gani? Nimekikalia miaka kumi na minne.

— Ndiyo maana. Labda kimepelekwa kupimwa.

— Kupimwa nini, nikasema, presha?

— Msikilizeni anayejua watu, Jaji akasema. Huyo bosi nyumbani kwake hakai. Mkewe kampiga marufuku asiguse makochi. Mwanamume anayesimama nyumbani lazima atafute wa kumsimamisha kazini. Nimeyapiga chapa hayo mara ngapi.

— Umepiga chapa kesi ya makochi?

— Ya ndoa. Makochi yalikuwemo.

Hapo nikaona wanapotea, nikawapa la kitaalamu.

— Nilishashona viatu vya huyo bosi. Soli zimelika mbele, nyuma mpya kabisa. Maana yake anatembea kwa vidole, anaogopa kuonekana mfupi.

— Sasa anayeogopa kuonekana mfupi si angewakalisha wote? Jaji akauliza.

— Ndiyo shida ya muoga, hafikiri mpaka mwisho.

— Nyie mnacheza, Stoo akasema, na sauti ikampanda. Huu ni mpango. Kimeanza kimoja, kesho viwili, mwakani ofisi nzima imesimama kama foleni ya maji. Viti vinapakiwa melini, vinapelekwa mbali, kwa watu wasiojua kutengeneza viti.

— Kiti kimoja kwa wiki sita. Hiyo meli itajaa lini?

— Wana subira hao.

Tukacheka mpaka benchi likayumba. Ramani naye alicheka, nikafurahi, maana Jumamosi mbili nzima alikuwa amenyong'onyea. Jaji akamshauri aende mkutanoni na benchi hili. Nikasema benchi haliendi popote. Jaji akasema basi akae sakafuni, akunje miguu, aseme maono siku hizi yanamjia chini. Stoo akasema bora awahi akalie kiti cha bosi.

— Kazi naipenda, Ramani akasema, na sasa hakuwa anacheka. Nikichora mpaka vizuri, majirani waliokuwa hawasemeshani wanasalimiana. Lakini ikifika Jumapili jioni akili imeshahamia mkutanoni. Mwanangu ananisemesha, simsikii. Jumatatu nyingine siiwezi, ndugu zangu.

Hata mimi nikaacha kugonga misumari.

— Samahani jamani, akasema yule mama wa kisigino. Naomba kuuliza. Hicho kiti alikibeba nani?

— Bosi, Jaji akasema.

— Alikibeba mwenyewe?

Jaji akanigeukia mimi. Miaka ishirini na saba ya sheria, na mimi na soli zangu, na hilo halikutupitia kichwani. Bosi gani anabeba kiti. Nikajitia kumimina kahawa, chupa ikatoa nusu kikombe, ikakoroma, ikaisha.

— Mimi, Stoo akasema. Uso aliuinamisha.

— Wewe nini? Jaji akauliza.

— Nilikibeba mimi. Aliniambia kiende stoo, nisimwambie mtu. Nikadhani ni siku moja. Kipo nyuma ya makopo ya rangi, nimekifunika turubai.

Jaji alitaka kuanza hukumu, nikamkanyaga mguu.

— Na nilicheka, Stoo akamwambia Ramani. Ile ya mchicha, nilicheka.

— Najua.

— Unajua lipi?

— Yote. Hukukibeba, ulikiburuta. Miguu iliacha mistari miwili sakafuni, kutoka chumba cha mkutano hadi mlango wa stoo. Mimi kazi yangu ni mistari.

— Tangu Jumatatu ya kwanza?

— Tangu Jumatatu ya kwanza.

— Jumamosi zote hizi tunakaa hapa, tunakunywa kahawa. Mbona hukusema?

— Ningesema, ningekunywa na nani?

Nikabonyeza kisigino, gundi ilikuwa imeshika. Yule mama akajaribu kiatu, akatembea hatua mbili, akashukuru, akaenda zake. Stoo akachukua ile nusu kikombe ya mwisho, akaimimina kwenye kikombe cha Ramani. Ikamwagika kidogo.

— Jumatatu njoo saa moja na nusu, akasema. Tukirudishe.

— Akiuliza nani kakitoa stoo?

— Nitasema mimi, mbele ya wote. Na akiinua mchoro, sicheki. Nitamwambia hicho ni kiwanja.

Ramani akaikunja bahasha mara nne, akainama, akaisokomeza chini ya mguu mfupi wa benchi. Jaji akajitikisa kulijaribu, likayumba.

— Haitoshi, akasema.

— Ikae hapohapo, Ramani akasema.

Akainuka, akakung'uta suruali.

— Lakini kiti chenyewe si kizito, akamwambia Stoo. Unakiweza peke yako.

— Najua. Wewe njoo tu.