Kilomita Moja ya Mugisha

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, mlio shambani na mlio jikoni. Katika redio hii nzima hakuna anayesoma maandishi kunishinda mimi, bibi yenu Kampire. Darasa la saba nimelimaliza. La sita nililimaliza mara mbili. Na miwani yangu imebaki na kioo kimoja, kwa hiyo nusu ya ninayosoma huwa nabahatisha.

Leo tunamkumbuka Mugisha Byabato wa Ihanda. Mugisha, mrushaji wa besiboli. Wiki hii ametimiza mwaka mmoja kaburini. Alituacha akiwa na miaka ishirini na minne.

Besiboli, kwa mnaojiuliza, ni mchezo wa kijana mmoja kurusha kipira kigumu kama parachichi bichi, na mwingine kukisubiri na gongo. Nyuma ya mwenye gongo anachuchumaa mdakaji, na glavu kubwa kama kikapu cha kahawa. Mrushaji alikuwa Mugisha. Mdakaji alikuwa Benjamin, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Shikeni majina hayo mawili.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Ihanda na kinasa sauti changu, nyumbani kwa mama yake, Ma Auleria. Nilimkuta anaanua kahawa. Benjamin naye alikuwepo, anamsaidia kukunja mikeka. Tangu msiba, Benjamin hakosi pale. Anamchotea maji, anamkatia majani ya ng'ombe. Ma Auleria anamwita mwanangu.

"Mugisha alianza na tumbili," aliniambia tulipoketi. "Tumbili wa kwako, Ma Kampire. Wale waliokuwa wanakula mahindi yako umelala."

"Sikulala. Nilikuwa nasali."

"Ulikoroma unasali?"

Ndiyo, wasikilizaji. Mtoto wa miaka tisa alisimama kwenye kichuguu, akaokota bonge la udongo, akampiga tumbili aliyekuwa ng'ambo ya shamba. Tumbili hakurudi. Ma Auleria alimchapa kwa kucheza na udongo, halafu usiku akamwekea kipande cha nyama kilichozidi.

Miaka ikapita. Akaja mwalimu wa hesabu kutoka Japani, Mwalimu Hirano, akafundisha sekondari pale jirani. Alikuja na chaki na mfuko wa mipira. Huyu Hirano alikuwa na habari yake. Kwao, alipokuwa na miaka kumi na saba, alirusha kwenye mashindano makubwa ya shule. Siku kumi, mipira mia sita. Magazeti yakaandika kwamba mtoto huyu ataanzia timu kubwa za Japani, kisha atavuka kwenda Amerika, kwenye ligi wanakocheza wafalme wa mchezo huo. Alipofika miaka kumi na tisa kiwiko chake kikafa. Rafiki yake aliyelala naye bweni moja ndiye aliyevuka. Hirano akaja Karagwe kufundisha hesabu.

Alipomwona Mugisha anarusha, alikaa chini kwenye majani. Ma Auleria alidhani mgeni kaugua, akamletea uji.

"Mama," Hirano alimwambia, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "mkono wa mtoto huyu, usimpe kazi. Usimpe jembe. Mkono huu uende Japani. Ukitoka Japani, Amerika."

Ma Auleria alicheka mpaka akajishika kiuno. Mwanamume asiyeshika jembe! Lakini alisikia. Tangu siku ile alilima mwenyewe, na mikungu ya ndizi akaibeba mwenyewe. Majirani wakasema Mugisha anafugwa kama bwana harusi. Mama hakujali. Alikwisha kuiona Amerika, nayo ilikuwa na bati jipya juu ya nyumba yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Timu moja ya Japani ilimwambia Hirano kwamba itamwita kijana wake kwa majaribio, ila kwa sharti moja. Mpira wake ufike mwendo wa kilomita mia moja na arobaini kwa saa. Mia na arobaini. Pungufu ya hapo, wao wanao wengi kwao. Hirano akaazima mashine ya kupimia, kama ile ya trafiki wanaojificha kwenye migomba. Mashine ingekaa Ihanda siku moja tu. Siku moja, Alhamisi tarehe kumi na tatu Julai, mwaka juzi. Ijumaa alfajiri ilitakiwa ipande basi.

Jumatano jioni akafa Mzee Harerimana.

Mnajua kwetu. Mtu akifa, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja na jembe. Yustus, katibu wa kikundi cha kuzikana, anasimama kando ya kaburi na daftari, anaita majina ya nyumba. Nyumba isiyoitika, siku yake itachimba yenyewe. Hakuna cha udhuru. Kuna kushikiwa jembe tu, yaani mwenzako achimbe kwa jina la nyumba yako. Na Mzee Harerimana alikuwa mtu aliyekuja na familia yake kutoka Rwanda bila kitu, akachimba makaburi ya kijiji kile miaka arobaini. La baba yake Mugisha alilichimba yeye.

"Benjamin aliniambia usiku uleule, mama usihofu," Ma Auleria alisema. "Nyumba yao ina wanaume wanne. Yeye angeshika jembe letu."

"Nilisema," Benjamin aliitikia, macho kwenye mkeka.

"Halafu alfajiri akapiga simu. Homa."

"Homa kali, Ma Kampire," Benjamin aliniambia, akaisogelea mashine yangu ya kunasia sauti ili asikike vizuri. "Natetemeka, siwezi kusimama. Zahanati wakanilaza. Nikatundikiwa dripu, chupa tatu, toka asubuhi mpaka jua linazama. Hata mazishi sikuyaona."

"Pole, mwanangu," Ma Auleria alisema. Alishampa pole hiyo mara nyingi, ilitoka yenyewe.

Basi alfajiri ile Ma Auleria alisimama uani, simu mkononi. Kijana wake alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amevaa viatu vya mchezo alivyopewa na Hirano. Alimtazama mama. Ni mama aliyesema.

"Chukua jembe."

Maneno mawili, wasikilizaji. Tangu siku ile hajaweza kuyameza wala kuyatema. Anayasikia anapomenya ndizi. Anayasikia kanisani wakati wa kuungama, na mchungaji anadhani anasinzia.

Ilikuwa kiangazi. Juu udongo, chini changarawe ngumu kama sakafu. Mugisha alichimba toka alfajiri, na kila wenzake walipopumzika yeye alionekana yumo shimoni. Baada ya mazishi alikimbia uwanjani na udongo kwenye kucha. Hirano alimwona, akataka kukataa. Lakini mashine ilikuwa ya siku moja. Hirano alichuchumaa mwenyewe, akadaka. Mia na thelathini na tatu. Mia na thelathini na sita. Mpira wa mwisho, mia na thelathini na tisa. Na kiwiko kikalia kama kuni kavu. Mama yake alikuwa amesimama kwenye ua wa migomba, akasikia.

Walitaka mia na arobaini. Alipata mia na thelathini na tisa. Kilomita moja.

Mkono ule haukurusha tena. Hirano alimaliza mkataba wake, akamwinamia Ma Auleria mpaka kichwa kikakaribia magoti, akaondoka. Mugisha akaendesha bodaboda. Breki ya mbele, wenye pikipiki mnajua, iko mkono wa kulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa haukunji vidole sawasawa. Aliwaambia abiria anapenda mwendo wa taratibu. Mwaka jana, mteremko wa kutoka Nyabiyonza, mvua imetoka kunyesha, lori likasimama ghafla mbele yake.

Kaburi lake alilichimba Benjamin karibu peke yake. Yustus alimwambia, "Pokezana na wenzako, kijana." Alikataa kuachia jembe. Ma Auleria aliliona hilo, na kwa hilo alimpenda.

Kwa niaba ya redio yetu, pole sana Ma Auleria. Poleni ukoo wa Byabato na watu wote wa Ihanda. Nasi wengine tujiulize, kila mmoja jikoni kwake: jembe lililo mabegani mwa jirani yangu leo, lilikuwa la nani?

Nilitaka nimalizie hapo. Lakini Jumamosi ile, kabla sijaaga, Ma Auleria alisema ipo karatasi. Hirano alimwandikia Mugisha vipimo vya siku ile, Mugisha akaikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Mama hakuwahi kuifungua. Kusoma hajui, na karatasi yenyewe aliichukia. Ila siku hiyo alitaka isomwe redioni, watu wajue mwanawe alifika wapi.

Benjamin ndiye aliyeinuka, akakitoa kitabu juu ya kabati, akanipa kwa mikono miwili.

Niliweka miwani, nikafumba jicho lisilo na kioo. Hirano aliandika kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Nikasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la sita anayerudia.

"Alhamisi, tarehe kumi na tatu, mwezi wa saba. Saa tisa alasiri. Mugisha, mia na thelathini na tisa."

"Ndiyo," alisema Ma Auleria.

Juu ya mstari huo ulikuwepo mstari mwingine. Mdomo wangu ulishaanza kuusoma kabla akili haijauzuia.

"Saa mbili asubuhi. Benjamin, mia na ishirini na moja."

Kuku mmoja alipita katikati yetu. Niliponyoosha mkono kuizima mashine yangu, Ma Auleria alinishika.

"Iache iseme," aliniambia. Kisha akamgeukia Benjamin. Sauti yake haikupanda.

"Ile dripu, mwanangu. Walikutundikia saa ngapi?"

"Saa..." alisema Benjamin. Halafu akaitazama karatasi mkononi mwangu.