Svanfríður na Daftari la Ukoo la Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo mtanivumilia. Kipindi cha kumbukumbu kinataka sauti ya upole, nami nimekasirika.

Tunamkumbuka Svanfríður Höskuldsdóttir, mwalimu wa kuogelea hapa Ísafjörður. Nusu ya mji huu alitufundisha yeye, kwa makelele. "Piga miguu! Kwani wewe ni jiwe?" Amefariki akiwa na miaka arobaini na minne. Saratani ya matiti.

Miaka sita iliyopita daktari alimwuliza: kwenu kuna aliyeugua saratani ya matiti? Akajibu hapana. Akaambiwa basi, hakuna haraka ya kupimwa. Alikuwa amehesabu upande wa mama tu! Wengi wetu tungejibu vivyo hivyo. Si ugonjwa wa wanawake? Basi tunadhani unapita kwa wanawake. Sivyo. Narudia, sivyo. Kasoro ya kinasaba inayoleta saratani hii, baba anaweza kumrithisha binti yake, na yeye mwenyewe asiumwe hata kichwa.

Na baba huyu ni nani? Mzee Höskuldur, mwenye daftari la ukoo! Mtajie bibi yako, atakupeleka hadi babu wa kwanza kutia mguu hapa kisiwani Iceland. Dada zake watatu walikufa kabla ya kufika hamsini. Daftari lina shamba walikozaliwa, waume zao, hata nani alijua kutunga mashairi. Walikufa na nini? Hakuna neno.

Salbjörg, binti wa marehemu, ameniambia haya. "Mama alimwuliza Babu pale hospitalini, 'Baba, shangazi Bergljót alikufa na nini?' Babu akasema, 'Alidhoofu tu.' Mama akacheka mpaka dripu ikatikisika. 'Baba! Babu wa miaka elfu unajua alivunjika mguu upi, dada yako hujui?' Babu akanung'unika, 'Sasa mambo ya kifua cha dada yangu ningeyaandikaje?'"

Aibu, wasikilizaji. Aibu tu! Nami siko nje. Mzee huyu nimemkaribisha hapa studio mara tatu. Nilimwuliza habari za mababu. Za dada zake, sikuuliza.

Mzee alipoambiwa apimwe damu kuona kama anayo kasoro hiyo, akang'aka: "Mimi mwanamume nipimwe matiti?" Salbjörg naye akagoma. "Babu akipimwa, nami nitapimwa."

Jana, baada ya maziko, tulikuwa tunakunywa kahawa. Mzee akaweka daftari mezani. Kando ya majina ya dada zake wote watatu ameandika: saratani ya matiti. Kando ya Svanfríður, vilevile. Kando ya jina lake mwenyewe: nimepimwa, ninayo mimi. Alikwenda kimyakimya, binti yake angali hai, na majibu yakamfikia siku ya msiba. Salbjörg akamnyang'anya kalamu. Kando ya jina lake yeye akaandika: Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Poleni sana, mzee Höskuldur, Salbjörg na jamaa wote. Poleni, wanafunzi wake.

Nikitoka hapa nampigia baba yangu. Nawe mpigie wako. Mwulize dada zake walikufa na nini. Akikwambia walidhoofu tu, usikate simu.